Maharage ya Watu Wawili

Asubuhi nyingi labo yetu, yaani maabara ya mtaa wa Bwiza, ilifunguliwa kwa ugomvi wa maziwa. Jana yake nilikuwa nimemwambia mgonjwa, kwa mdomo na kwa vidole: usile chochote tangu jioni, njoo na tumbo tupu, tunataka kupima mafuta ya damu. Anakuja, anakaa, anakunja mkono wa shati. Natoa damu, naiacha igande, naitia kwenye mashine ya kuzungusha. Inatoka na maji yaliyovurugika, meupe kama uji wa mtoto.

"Mzee, umekula."

"Apana! Mi sikukula kitu tangu jana. Uliza bibi yangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikunywa tu maziwa."

"Kiasi gani?"

"Jagi moja. Lakini, Mama, maziwa iko chakula? Maziwa mutu anakunywa, hakuli."

Na nyumbani kwake alikuwa na haki. Kwetu Burundi maziwa ni heshima. Mgeni hupewa maziwa, bibi harusi hutakiwa heri kwa maziwa, na hakuna aliyewahi kushiba maziwa akahesabu kwamba amekula. Pombe ya ndizi nayo ni hivyo hivyo. Nilipoteza sindano nyingi na mirija mingi kabla sijajifunza kuuliza "umekunywa nini?" kwanza, ndipo niulize "umekula nini?" Ninyi mnaoingia kazini leo, andikeni hilo mahali. Swali la labo lazima liulizwe kwa hesabu za mgonjwa, si kwa hesabu za kitabu.

Jina langu ni Konsolata, ingawa mtaani waliniita Mama Labo, na wengine walisahau kabisa kwamba nina jina. Nilipima damu za watu kwa miaka thelathini na minne katika kliniki moja ndogo, chumba cha nyuma, dirisha moja linalotazama ukuta. Miaka ninayotaka kuwasimulia ni ile ya vita. Najua mnachowaza. Kijana mmoja wenu aliniuliza hivyo hivyo usoni: "Mama, watu wanapigana risasi, nani alikuwa na habari ya kolesteroli?" Nikamjibu kwamba risasi haikungoja moyo uchoke, lakini moyo nao haukungoja vita viishe. Watu waliendelea kuzeeka. Waliendelea kula mawese na kubanwa kifua wakipanda mlima.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Jeradi, mkuu wa labo, mtu mfupi wa maneno machache, koti lake jeupe limepauka hadi kuwa rangi ya chai ya maziwa. Alinifundisha kusikiliza mashine, kwa sababu mashine iliyopangwa vibaya hulalamika kabla ya kuvunjika. Alinifundisha kuacha damu igande kwa muda wake. "Usiiharakishe," alisema, "haina basi ya kuwahi." Na alinifundisha aibu, siku moja, mbele ya mgonjwa.

Alikuwa mama muuza vitenge, mnene, mcheshi. Niliinua mrija wake dirishani, nikaona maji yake yanang'aa, ya manjano mazuri, hayana wingu. Nikajitia mtaalamu. "Mama, damu yako safi, nenda zako." Jeradi akamwita arudi akiwa mlangoni. Akapima kama inavyotakiwa, kwa dawa na kwa subira, na kolesteroli ya yule mama ilikuwa juu sana.

"Konsolata," akaniambia yule mama alipoondoka, "mafuta ya chakula cha jana ndiyo yanavuruga maji. Kolesteroli inayoua haina rangi. Inakaa ndani ya maji safi, imetulia, kama mutu mwenye adabu."

Nilikumbuka maneno hayo mara nyingi baadaye, na si kwa ajili ya damu tu. Watu wengi mtaani mwetu miaka ile walikuwa wametulia hivyo. Ungewapita barabarani, wanasalimia, wanacheka, na ndani wameoza kwa upweke. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mume wangu, Dismasi, alikuwa amevuka kwenda Tanzania na watoto wetu wawili, Fideli na Klodeti, ule mwaka mitaa ilipoanza kuchujwa nyumba kwa nyumba, nani ni wa upande gani. Tulikubaliana wiki mbili. Mimi nibaki nishike nyumba na kazi, wao watulie huko mpaka hali ipoe. Wiki mbili zile zikawa miezi, miezi ikawa miaka, na barua zikaanza kuja kwa nadra, kisha kwa bahati. Jioni nilifungua kufuli langu, nikaingia, nikafunga kwa ndani. Sikuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba mvua inakuja.

Katika hali hiyo ndipo aliponijia Winchi.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Laurenti. Alikuwa amestaafu bandarini, ambako aliendesha winchi ya kupakulia meli za ziwani, na watu wote wa Bwiza walimwita Winchi. Mtu mkubwa, sauti kubwa, mikono ya kushika minyororo. Daktari alimtuma kwetu kwa sababu kifua kilimbana alipopanda mlima wa Gihosha kwenda msibani. Kabla sijamchoma sindano nilikuwa nimekwisha kuona. Kwenye kope zake, karibu na pua, kulikuwa na madoa ya manjano, laini, kama mtu amempaka siagi akasahau kuifuta. Jifunzeni kutazama kope, wanangu. Si kila mwenye kolesteroli anayo madoa hayo, lakini mwenye nayo apimwe.

Tulipima. Ilikuwa juu, juu kabisa. Daktari akamwandikia vidonge. Alivipata mwezi mmoja. Kisha nchi ikawekewa vikwazo, mipaka ikafungwa, na duka la dawa likabaki na rafu na muuzaji. Haukupita muda mrefu na sisi tukaishiwa dawa za kupimia kolesteroli. Tulibaki na malaria, minyoo na mkojo.

"Sasa, Mama Labo," aliniuliza, "mi nafanya nini?"

"Itabidi ubadilishe maisha, Mzee."

"Nabadilisha. Sema tu." Akashusha sauti, na kwa mtu yule ilikuwa kama redio kuzimwa. "Mi sitaki kuishi miaka mia. Niko na binti, Esperansi. Mama yake alikufa. Alikimbia na majirani, iko kule kambini, Tanzania. Siku akirudi, sitaki akute kufuli kwenye mulango."

Kwa nyinyi mliozaliwa baadaye, nieleze. Nyumba yenye kufuli miaka ile haikudumu. Ilivunjwa, ikaingiwa, na aliyeingia akawa mwenyewe. Mtoto akirudi akakuta mgeni anaosha vyombo uani, nani atamshuhudia kwamba hapa ni kwao? Esperansi hakuwa na ndugu mwingine. Moyo wa Winchi ndio uliokuwa hati ya nyumba ile. Ukisimama, binti amekuwa mtu asiye na mlango duniani.

Basi nikachukua karatasi, nikamwandikia kwa herufi kubwa. Acha brosheti, yaani mishikaki. Acha mawese. Acha ndizi za kukaanga. Acha sigara. Acha bia. Tembea. Mistari sita, na nilijiona nimefanya kazi nzuri sana. Nilipiga hata mstari chini ya "Acha".

Karatasi hiyo ndiyo kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini. Mirija niliyovunja sihesabu.

Winchi alikuwa mtu wa kutii. Bandarini, mwenye winchi asipotii ishara ya mkono, sanduku linamwangukia mtu. Alirudi nyumbani akatii. Tulikubaliana aje kila mwezi tumpime presha na uzito. Mwezi wa kwanza alikuja, amepungua, nikampongeza. Mwezi wa pili alikuja amepungua tena, hasemi sana. Wa tatu hakuja. Nikasikia sokoni watu wakinong'ona kwamba Winchi ameshikwa na ule ugonjwa. Miaka ile mtu akikonda, majirani walikuwa wamekwisha kumchimbia kaburi nusu, na waliacha kumpa mkono.

Siku moja baada ya kazi nikapita kwake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amekaa ndani, dirisha limefungwa, redio ndogo inasema habari ambazo hasikilizi. Mbele yake sahani ya ugali mkavu, hauna mboga, hauna kitu.

"Mzee, huu ndio mlo gani?"

"Si ulisema niache? Nimeacha."

"Nilisema uache mafuta. Sikusema uache kula."

Akazima redio. "Mama Labo, we unajua kabare, ile ya pombe, iko nyuma ya soko? Kila siku saa kumi mi nilikuwa kule, mpaka saa ya kuvrefe. Tulikuwa sita. Mumoja anachoma, mumoja anasema uongo, mumoja anacheka. Wawili walikufa. Mumoja alikimbia Uvira, ng'ambo ya ziwa. Tukabaki watatu. We ukaniambia niache brosheti." Akasukuma sahani. "Mi nyama sikuifuata. Nilifuata watu. Saa kumi sasa nakaa hapa. Nangoja tu kuvrefe, ifunge watu wote mundani, tuwe sawasawa."

Kuvrefe, kama hamjui, ndiyo ile amri ya kila mtu kuwa ndani jioni. Nilidhani mimi ndiye mtu pekee ninayeisubiri kila siku kwa hamu, ili nami niwe sawa na wengine. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikaona aibu kuliko ile ya muuza vitenge. Nilikuwa nimempa mtu mpweke dawa ya kumtenga. Tena niliipigia mstari.

Kesho yake nikaandika karatasi ya pili. Mstari wa kwanza ulisema: Usile peke yako. Mingine ikafuata chini yake. Jeradi aliisoma juu ya bega langu akacheka hadi akaondoa miwani. "Hiyo si dawa ya labo," akasema. Kisha akaacha kucheka. Yeye pia alikuwa akila mkate wake amesimama karibu na friji.

Basi tukaanza. Saa sita mchana, kwenye baraza la nyuma ya kliniki, sufuria moja: Winchi, Jeradi na mimi. Nawaeleza nilivyopika, kwa sababu mnapenda kuandika "lishe bora" kwenye karatasi za wagonjwa bila kuwaambia washike sufuria gani. Maharage, vikombe viwili, niliyaloweka tangu usiku, nikamwaga maji yake asubuhi. Kitunguu, nyanya, seleri, karoti kama ipo. Mafuta ya pamba, kijiko kimoja kwa sufuria nzima, na kijiko hicho nilikifunga kamba kwenye chupa, maana mkono wa mpishi hauna kipimo. Lengalenga, yaani mchicha, nilizichemsha kidogo tu zibaki na uhai. Ndagala wakavu, dagaa wetu wa ziwani, niliwaosha mara mbili chumvi itoke. Parachichi nusu badala ya siagi. Wagonjwa wengi huogopa parachichi kwa sababu lina mafuta, kisha wanakula ngozi ya kuku bila hofu. Sombe, yaani kisamvu, na mawese yake tulikula Jumapili, kidogo, kwa sababu mtu asiyekula sombe hata Jumapili atakuja kuila sufuria nzima kwa wizi. Nimewaona wengi.

Kabare nayo hatukuiacha. Nilikwenda mwenyewe kuzungumza na mchoma nyama, mtu aliyeitwa Sadiki. Nikamwomba atuwekee mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, limau na kitunguu, bila kupakwa mafuta, na ikiwa ni mbuzi basi mshikaki mmoja siku ya Jumapili, bila vile vipande vya mafuta vinavyochomekwa kati ya nyama na nyama.

Sadiki akashika kiuno. "Mama, brosheti bila mafuta iko brosheti gani? Ni kama misa bila padiri."

"We choma tu. Mafuta mpe mbwa."

Akampa mbwa. Baada ya miezi michache mbwa wa kabare alinenepa hadi akawa hafukuzi hata kuku, na Winchi akataka nimpime huyo mbwa kolesteroli. Lakini saa kumi alikuwa kwenye kiti chake, bia moja mbele yake, anaidanganya midomo yake taratibu, na rafiki zake wawili waliobaki wakaacha kunong'ona. Sigara ndiyo ilimtesa kuliko vyote. Aliiacha mara tisa. Ya tisa ikakaa.

Kutembea kulikuwa na shida yake. Mnapomwambia mgonjwa leo atembee nusu saa, mnamtuma barabarani tu. Sisi tulitakiwa kuijua barabara kwanza. Kabla jua halijapanda doria za askari zilikuwa bado hazijaondoka, kwa hiyo tulitoka saa kumi na mbili na nusu, watu wa kwanza wakishakuwa njiani. Tulipita avenyu moja mpaka mwisho, tukarudi kwa ya pili, tukaenda kwa ya tatu. Nilimfundisha kipimo chepesi: ukitembea na unaweza kusema lakini huwezi kuimba, huo mwendo ni sawa. Winchi alijaribu kuimba kila siku ili anioneshe anaweza. Siku ambazo mizinga ililia milimani hatukutoka. Tulizunguka ua wake, kati ya kamba za nguo na tangi la maji, nusu saa nzima, tukiinama chini ya mashuka. Jirani mmoja alituchungulia juu ya ukuta kwa muda, mwishowe akauliza tumepoteza nini.

Kwa kweli nilikuwa nimeanza kuzipenda zile nusu saa kuliko kitu chochote. Winchi alinisimulia meli, nami nilimsimulia watoto wangu: Fideli asiyependa viatu, Klodeti aliyezungumza usingizini. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke nilikuwa natamka majina yao kwa sauti kila siku. Sikumwambia hivyo. Mtu wa labo hasemi mambo kama hayo.

Kisha Jeradi hakufika kazini. Alikuwa amekwenda kilimani kwao mwisho wa juma kuangalia kaburi la mama yake, na Jumatatu koti lake lilibaki kwenye msumari. Jumanne pia. Hatukuwahi kujua yaliyomkuta. Nililiacha lile koti pale mwaka mzima, nikilipiga pasi kila mwezi, mpaka mkurugenzi wa kliniki aliponiambia kwa upole niliondoe. Sufuria ya mchana ikawa ya watu wawili. Mashine nayo nikawa naisikiliza peke yangu.

Mipaka ilipofunguliwa tena, lilifika sanduku dogo la dawa za kupimia. Niliondoa mkanda wake kwa kisu. Mtu wa kwanza niliyemwita alikuwa Winchi. Alikuja na tumbo tupu kwelikweli, bila maziwa, amevaa suti ya Pasaka. Nikamtoa damu.

"Na yako iko wapi?" akauliza.

"Yangu ya nini? Mimi si mgonjwa."

"Mi nimekaa hapa na suti, nimechomwa. Toa na yako, tushindane."

Nilikuwa mwembamba wakati ule, shingo kama ya korongo, na nilijiamini. Nikajitoa damu mwenyewe, nikaipanga mirija miwili kando kwa kando. Yote miwili maji yake yalikuwa safi, yanang'aa. Nikapima. Yake ilikuwa imeshuka, bado juu kidogo, lakini imeshuka mbali sana na ile ya mwanzo. Yangu ilikuwa imeipita.

Nilirudia kipimo mara mbili. Jibu lilikuwa lile lile. Mganga hajigangi, walisema wazee, na nadhani walimwona mtu kama mimi. Mchana nilikula maharage ya watu wawili. Lakini jioni, nikishafunga mlango, nilikula nimesimama: mandazi ya mafuta yaliyokaangiwa mara kumi, mkate na majarini ya kopo, kijiko baada ya kijiko, nikitazama ukuta. Hakuna aliyeniona. Mwili ulikuwa umeona, ukaandika. Msimwamini mtu kwa wembamba wake. Nasema haya kama shahidi, na kama mtuhumiwa.

Winchi alicheka hadi akashika meza. Kisha akaona uso wangu. "Bo, haya," akasema, "kuanzia leo na jioni pia. Sufuria inakuja kwangu." Ikawa hivyo. Saa kumi na moja tulikula uani kwake, halafu mimi nikakimbilia kwangu kabla ya kuvrefe.

Vita vilipoanza kuchoka, malori ya wakimbizi yakaanza kurudi. Kila lilipopita moja, mtaa mzima ulisimama kando ya barabara kutafuta nyuso. Mimi nilisimama pia, nimevaa koti la kazi, kama kwamba nimetoka tu kunyoosha miguu.

Esperansi alirudi asubuhi moja ya Jumamosi. Alikuwa ameondoka msichana, akarudi mama, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Winchi alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage, mlango wazi nyuma yake. Mimi nilikuwa ndani naosha sufuria. Nilisikia sauti ikisema "Baba", sauti ndogo, kama inaomba ruhusa. Winchi akasimama kwa haraka, haraka ambayo mwanzo ingemwangusha, na maharage yote yakamwagika. Kifua hakikumbana. Alimkumbatia binti na mtoto na godoro pamoja. Nililia jikoni, nikanawa uso, nikatoka.

Mchana Esperansi akanifuata nyumbani kwangu. Alikaa kwenye kiti, akatazama mikono yake.

"Mama, kule tulikuwa kambi moja na watu wako. Fideli anakusalimia. Amekuwa murefu. Klodeti anasoma, iko wa kwanza mu darasa."

"Wanakuja lini?"

"Mama, Baba Fideli alioa kule. Iko na bibi, wako na mutoto wa miaka tatu. Alisema watoto wabaki, wamalize masomo. Alisema nikuambie polepole. Mi sijui polepole ni namna gani. Unisamehe."

Nilimshukuru. Nilimpa chai. Nilimsindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa. Kisha nikarudi, nikajifungia ndani, na niseme wazi: niliumia kuliko siku yoyote ya risasi. Miaka yote ile nilikuwa nimeshika nyumba. Nilikuwa hati ya mlango ambao hakuna aliyekuwa anaurudia. Na ubaya zaidi, nilimwonea wivu Winchi, mzee wa watu. Nilikuwa nimeulinda moyo wake kwa kijiko kilichofungwa kamba, na sasa moyo wake umejaa, na wangu umebaki kama rafu ya duka la dawa. Asubuhi ya Jumapili sikutoka kutembea. Jumatatu sikwenda kazini. Nilikula mandazi.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, mlango ukagongwa. Niliposhindwa kuvumilia kelele nikafungua. Winchi alisimama pale amevaa viatu vya kutembelea, nyuma yake Esperansi na sufuria yenye mfuniko. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika.

"Soma," akasema.

"Najua kilichoandikwa. Ni mwandiko wangu."

"Soma kwa nguvu. Mi macho inanisumbua."

Macho yake hayakuwa na shida yoyote. Nikasoma. "Usile peke yako."

"Basi. Uliniandikia mi, nimeifuata miaka yote. Niko hai, binti amekuta mulango wazi." Akanirudishia karatasi, akaisukuma kwenye kiganja changu na kuvifunga vidole vyangu juu yake. "Sasa ni yako. Vaa viatu."

Nilivaa viatu. Tulitembea avenyu ya kwanza. Ya pili akajaribu kuimba.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alipokufa alikufa mzee, kitandani kwake, binti ameshika mkono wake. Esperansi amejenga Gihosha, yuko mbali na ana mambo yake. Klodeti hunipigia simu siku ya Noeli. Kolesteroli yangu ilishuka, ikapanda nilipomzika Winchi, ikashuka tena. Daktari amenipa vidonge, navinywa kila siku, na nyinyi pia mkiandikiwa mnywe, msijifanye mashujaa wa mboga. Asubuhi bado natembea zile avenyu tatu. Natembea peke yangu, kwa mwendo wa kuweza kusema, na hakuna wa kumwambia.

Karatasi ninayo, iko ukutani kando ya jiko. Kipimo changu cha maharage nacho hakijabadilika: vikombe viwili, mkono umezoea, na kila siku cha pili kinabaki kwenye sufuria hadi jioni. Labo yenu mpya haiko mbali na hapa, ni mwendo wa dakika kumi, na najua mnakula mkate mmesimama karibu na friji. Maharage yanaiva saa sita. Mlango siufungi kufuli.